Moto, Ng'ombe na Chikanda ya Kitulo

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu, aliyekuwa Bwana Malisho, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule.)



Katibu aliponiandikia aliniambia nichague jambo lolote ninalolijua, mradi lisiwe siasa na lisizidi nusu saa. Mimi nimefanya kazi ya malisho zaidi ya miaka thelathini. Ninachokijua ni nyasi, wanyama wanaokula nyasi, na moto unaounguza nyasi. Lakini leo nataka kusema habari ya mmea unaoishi katikati ya nyasi hizo, ambao wengi wenu mmeukanyaga bila kujua, nao ni chikanda.

Chikanda ni jina lililotujia na wafanyabiashara wa Zambia. Wataalamu wa mimea wanasema okidi. Si aina moja. Ni kundi zima la okidi zinazoota ardhini, wala si juu ya miti: ziko Disa, ziko Satyrium, ziko Habenaria, na jamaa zao. Zinachofanana ni kwamba zote zina kiazi kidogo chini ya udongo. Huko Zambia viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa, na unga wake hupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi, mpaka ugande kama mkate mzito wa kukatwa vipande. Nimekionja chakula hicho Tunduma. Ni kitamu. Sitawaambia ni kibaya ili nisaidie hoja yangu.

Kwa wale ambao hawajafika Kitulo, nieleze kidogo. Ukiwa Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, unaacha lami na kupanda mlima kwa njia yenye kona hamsini na saba. Ndiyo maana watu huiita kwa hesabu yake, Hamsini na Saba. Unafika Matamba, na ukiendelea unatokea kwenye uwanda ulio wazi, wenye baridi, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Udongo wake umetokana na volkano. Vijito vya huko vinateremka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, kwa hiyo hata taa hizi zinazotuangazia zina deni na uwanda ule. Wazungu waliuita uwanda wa Elton, kwa jina la Mwingereza James Frederic Elton aliyepita huko mwaka 1877 na kufariki mwaka huo huo kabla hajafika pwani. Wenyeji wana jina zuri zaidi: Bustani ya Mungu.

Mwaka 2005 uwanda huo ulitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi. Hifadhi nyingine zilitengwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii ilitengwa hasa kwa ajili ya maua, na inatajwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya joto. Zimehesabiwa humo aina 350 hivi za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini ni aina 45.

Basi, swali ninaloulizwa kila nikitaja Kitulo ni hili: Bwana Malisho, moto unaua maua yale au hauyaui? Na ng'ombe je? Watu wanataka ndiyo au hapana. Mimi huwajibu kwa kuwauliza: mwezi gani?

Ili mnielewe, ni lazima tuingie chini ya udongo. Ukifukua Satyrium mwezi wa Februari (msifukue, niaminini tu) utakuta viazi viwili vimekaa pamoja. Kimoja kimesinyaa. Hicho ni cha mwaka jana, nacho ndicho kilichogharamia majani na maua unayoyaona juu. Cha pili kinajaa, kinameta. Hicho ni cha mwaka ujao. Mmea mzima unaishi hivyo, kwa akiba moja inayotumika na nyingine inayowekwa. Wayunani wa kale waliona viazi viwili hivyo vinavyoning'inia wakaupa mmea jina ambalo katika lugha yao maana yake ni korodani. Jina okidi asili yake ni hapo. Mwalimu Mkuu anisamehe, ni elimu tu.

Sasa fuateni mwaka wake. Mvua zinaanza Novemba. Kiazi kinatoa chipukizi, chipukizi linafungua majani. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni maua, aina hii ikipokezana na ile. Baadaye vinakuja vitumba vya mbegu. Mwezi wa Mei majani yananyauka. Juni mpaka Agosti ni jalidi, asubuhi nyasi ni nyeupe, na juu ya ardhi huoni dalili yoyote ya okidi. Kiazi kimelala, nacho kitalala mpaka mvua nyingine.

Na mbegu zake ni ajabu nyingine. Ni vumbi hasa. Tumba moja lina maelfu, upepo ukipuliza zinakwenda kama moshi. Lakini hazina chakula ndani. Punje ya hindi ina unga wa kumlisha mche mpaka ujitegemee. Mbegu ya okidi haina. Ni lazima iangukie mahali penye kuvu wa aina inayopatana nao, na kuvu huyo ndiye anayeilisha gizani. Jambo hilo liligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Kwa hiyo mbegu nyingi sana hupotea bure, na ile inayofanikiwa hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Shikeni hilo, maana nitalirudia nikifika kwenye jembe.

Tuanze na moto. Moto wa nyasi una kelele nyingi lakini haukai. Unapita haraka, na joto lake kubwa linakwenda juu. Udongo ni kizuizi kikubwa cha joto. Sentimita chache tu chini, moto wa nyasi ukipita, halijoto haibadiliki sana. Basi moto ukipita mwezi wa Julai, okidi imelala chini kama mtu aliye ndani ya handaki. Hauijui, nayo haiujui. Ukishapita, manyasi makavu ya mwaka jana yameondoka, jivu limebaki, na mvua zikija chipukizi linakuta jua.

Tena iko mimea ya nchi nyingine iliyozoeana na moto kupita kiasi hiki. Kule Rasi, Afrika Kusini, liko yungi liitwalo Cyrtanthus ventricosus ambalo hutoa maua siku chache tu baada ya moto, kwa kuchochewa na moshi. Australia iko okidi, Pyrorchis nigricans, ambayo bila moto huweza kukaa miaka na majani yake tu, na ukipita moto inachanua. Sisemi okidi zetu za Kitulo zinausubiri moto namna hiyo. Nasema tu kwamba mtu anayedhani moto na okidi ni maadui wa asili hajatazama vizuri.

Na mbuga isiyoungua kamwe wala kuliwa kamwe inakuwaje? Wengi hudhani itastawi. Kwa mwaka mmoja, miwili, itapendeza. Kisha nyasi za zamani zinalala juu ya nyasi za zamani, godoro juu ya godoro, na chipukizi dogo la okidi halipati mwanga. Vichaka vinaanza pembeni na kusogea. Halafu siku moja cheche inaanguka kwenye godoro lile la miaka mitano, na huo unakuwa moto mwingine kabisa, mkali, unaoshuka mabondeni na kuingia kwenye misitu midogo ambayo haikuzoea kuungua.

Lakini sasa uleteni moto huo huo mwezi wa Novemba, baada ya mvua mbili tatu za kwanza kufuatwa na wiki ya jua. Kiazi kimekwisha kufungua akiba yake na kuituma juu. Chipukizi liko nje, urefu wa kidole. Kiazi kipya bado hakijaanza kujaa. Moto unapita dakika chache tu na kula vyote vilivyo juu. Mmea umetumia fedha yote na duka limeungua. Huenda usife mwaka huo. Utajikongoja, utoe jani moja, ufanye kiazi kidogo kama harage, bila ua. Mwaka wa pili ukiungua tena wakati ule ule, ndio basi.

Habari hii ya moto wa mapema na moto wa kuchelewa si mpya katika sehemu zetu. Karibu na Ndola, nchi ambayo sasa ni Zambia, vilipimwa viwanja vya majaribio katika miaka ya 1930, kwenye misitu ya miombo. Vingine viliunguzwa mapema kiangazi, vingine mwishoni mwa kiangazi, vingine vikazuiwa moto kabisa. Vile vya kuungua kwa kuchelewa miti iliangamia, pakaelekea kuwa nyasi. Vile vya kuungua mapema msitu ulibaki. Huko walikuwa wanaangalia miti, mimi naangalia kiazi, lakini fundisho la tarehe ni lile lile: moto wa Mei au Juni unakuta majani yana unyevu, unakwenda polepole na kuacha viraka, moto wa Oktoba unakuta kila kitu kikavu, na haubakizi.

Nani anawasha? Mwindaji anawasha. Mtu anayesafisha shamba la viazi mviringo au pareto anawasha, kisha upepo unamnyang'anya moto wake. Lakini katika nyanda za juu moto mwingi niliouona mimi ni wa mfugaji, na mfugaji si mjinga. Ng'ombe wake wanakonda mwishoni mwa kiangazi. Anajua akiunguza, yatachipua majani mabichi hata kabla ya mvua kukolea. Anayahitaji lini? Septemba, Oktoba, Novemba. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwezi ambao ng'ombe ana njaa kuliko yote ndio mwezi ambao okidi haiwezi kuvumilia moto. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya vijiji ambapo mtaalamu alisimama akasema moto ni mbaya, wananchi wakaitikia, na mwisho wa mwezi wa kumi mlima ukawaka. Hakuna aliyezungumza habari ya njaa ya ng'ombe.

Nije kwa ng'ombe mwenyewe. Ana vitu viwili vya kuangalia, mdomo na kwato. Kwa mdomo, ng'ombe si mchaguzi sana. Anazungusha ulimi na kuvuta fundo la nyasi, na okidi ikiwamo inakwenda nayo. Kondoo ni mbaya zaidi. Kondoo ana midomo myembamba, anakata chini kabisa na anachagua kilicho laini, na bua la ua la okidi ni laini mno. Wakubwa wenzangu wanakumbuka kwamba shamba la serikali pale Kitulo lilianza na kondoo kabla ya kuwa la ng'ombe wa maziwa. Kwato nazo ni balaa wakati wa masika, hasa kwenye mabonde yenye majimaji, ambako baadhi ya okidi hupenda kukaa. Udongo unafinyangwa kama wa mfinyanzi.

Hata hivyo mchukueni ng'ombe huyo huyo mwezi wa Juni. Majani ya okidi yamekwisha nyauka. Mbegu zimekwisha peperuka. Udongo ni mkavu na mgumu. Ng'ombe anatembea juu ya kiazi kilicholala na hakidhuru chochote, na kila fundo la nyasi analokula ni kuni zilizopunguzwa kwa moto wa Oktoba. Kwa hiyo ng'ombe wa Juni na kondoo wa Februari, kwa upande wa okidi, ni wanyama wa dunia mbili.

Liko jambo ambalo hata wataalamu vijana hulisahau, nalo ni moto na ng'ombe wakifuatana. Ukiunguza kipande kidogo tu, ekari mbili tatu, ng'ombe wote wa kijiji watahamia hapo, kwa sababu ndipo penye majani mabichi. Watakula asubuhi, watakula jioni, hawatatoka. Chipukizi la okidi ambalo moto haukuliua litaliwa, likichipua tena litaliwa. Mtu ataona ardhi tupu na kulaumu moto. Kumbe kosa ni kipande kuwa kimoja. Unguza viraka vingi vilivyotawanyika, ng'ombe watagawanyika. Na kiraka kilichoungua mwaka huu kipumzishwe mwaka ujao. Wazee wa zamani waliokuwa na ardhi ya kutosha walifanya hivyo bila kufundishwa na mimi.

Mtaniuliza, mbona katika Hifadhi ng'ombe haruhusiwi? Ndiyo, sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuchunga, na sitaki mtu atoke hapa akisema Bwana Malisho wa zamani kawaruhusu. Nasema tu kwamba ukimwondoa mnyama aliyekuwa akipunguza nyasi, kazi aliyoifanya haiondoki naye. Lazima aifanye mwingine. Ndani ya Hifadhi itabidi ifanywe na moto unaowashwa kwa mpango, mapema, kwa viraka, na askari wakiwa wamesimama na matawi mabichi mkononi. Na nje ya Hifadhi, kwenye malisho ya vijiji vyetu, ambako chikanda ipo na haina hifadhi yoyote, iko nafasi ya kupanga ng'ombe na moto pamoja. Huko ndiko ninakotia matumaini zaidi, ingawa wengi hawakubaliani nami.

Sasa jembe. Moto una mwezi wake na ng'ombe ana mwezi wake. Jembe la mchimbaji wa chikanda halina mwezi mzuri. Mchimbaji anautambua mmea kwa majani na ua, kwa hiyo anakuja wakati wa masika. Anachukua kiazi kile kinachometa, cha mwaka ujao, na kwa kufanya hivyo ameondoa mmea, ua na mbegu kwa pigo moja. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi wao juu ya biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini, na hesabu yao ya viazi vinavyoliwa Zambia kwa mwaka ilikwenda kwenye mamilioni. Mamilioni, ya mmea ambao mche wake unahitaji bahati ya kuvu na miaka ya kusubiri. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, lakini gunia la viazi vikavu gizani Tunduma halisomi mikataba.

Tena moto unamsaidia mchimbaji. Mlima ulioungua, mvua ikinyesha, kila chipukizi la okidi linaonekana kutoka mbali. Ndiyo maana nasema mpango wa moto usio na ulinzi wa jembe ni kumtandikia mwizi mkeka.

Nisieleweke vibaya. Mama anayepanda mlimani na mtoto mgongoni kuchimba debe la chikanda, hafanyi hivyo kwa kuuchukia uwanda. Nimewahi kumwuliza mmoja, akanijibu kwamba ada ya shule inatakiwa Januari na viazi mviringo vyake havijakomaa Januari. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Huenda humu ukumbini wamo vijana ambao daftari zao zimenunuliwa kwa chikanda. Mkiwamo, msione haya. Lakini mkija kuwa maafisa, kumbukeni mwezi wa Januari, muipange ada na mavuno vizuri zaidi kuliko sisi tulivyofanya.

Namalizia kwa ombi kwa klabu ya biolojia. Mteremko wa nyuma ya bwalo una nyasi za asili, na masika iliyopita nilihesabu humo mashina kumi na manne ya Satyrium kabla mvua haijanifukuza. Pimeni viwanja vinne, kila kimoja hatua kumi kwa kumi. Kimoja kiungue Julai. Kimoja kiungue mwisho wa Oktoba. Cha tatu kichungiwe ng'ombe wa shule mwezi wa Juni tu. Cha nne kiacheni. Kila Januari hesabuni mashina, yenye maua na yasiyo na maua, mwandike katika daftari moja ambalo halitoki maktaba. Kazi hiyo iwe ya miaka mitano angalau, maana okidi huweza kukaa chini mwaka mzima bila kuonekana na mtu akadhani imekufa. Waliomo kidato cha kwanza leo watawaachia wadogo zao.

Kabla ya kiberiti chochote, pateni kibali cha serikali ya kijiji na mwiteni Bwana Misitu. Barabara ya kuzuia moto iwe pana kuliko mnavyodhani inatosha, na asiwashe mtu upepo ukiwapo. Vigingi kumi na sita vya chuma nimekuja navyo, viko nyuma ya gari, na rangi nyekundu kopo moja. Atakayevipokea aje tuandikiane, kwa sababu mwakani nitaviulizia.

 Kama kuna maswali, chai inaweza kusubiri kidogo.